Siku ya kuzaliwa ya mtoto uwanjani: nimpeleke mechi gani hapa Dar es Salaam?

Mama wa Tabata aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mwanangu wa kiume anatimiza miaka 8 mwishoni mwa Oktoba, na mwaka huu amekataa katakata sherehe ya nyumbani. Chanzo cha yote ni video aliyotumiwa na mama yake mkubwa anayeishi Marekani. Kaka yake wa huko, ambaye wamepishana miezi michache tu, alipelekwa kwenye mechi ya besiboli ya ligi ya kulipwa siku yake ya kuzaliwa. Jina lake likaandikwa kwenye ubao mkubwa wa uwanja, kisha akarudi nyumbani na mpira halisi ambao mchezaji aliupiga ukaangukia jukwaani. Tangu video hiyo ifike, wimbo hapa nyumbani ni mmoja: naye anataka siku yake ifanyike uwanjani, awaone wachezaji kwa macho yake na si katika runinga.

Sisi tumezoea mambo ya kawaida: pilau, soda, keki, maputo ukutani, watoto wa mtaa mzima, na mwisho wa siku mwenye sherehe anamwagiwa maji hadi anatetemeka. Mwaka juzi tulikwenda Kunduchi kwenye michezo ya maji, wakafurahi. Uwanja wa mpira, hata hivyo, mimi sijawahi kuukanyaga tangu nizaliwe. Mume wangu ni Simba na anataka twende kwa Mkapa. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ni Yanga wa kuzaliwa, amekwisha kuapa kwamba mpwa wake hatakata keki akiwa amevaa jezi nyekundu maadamu mjomba yu hai. Mtoto mwenyewe hajachagua upande, na naona ndiye pekee mwenye akili katika familia hii.

Naomba ushauri wa watu waliokwisha kufanya jambo hili. Mechi ya namna gani inamfaa mtoto wa umri huo? Nina orodha ya wanafunzi wenzake 12 ambao amekwisha kuwaalika bila kuniuliza. Je, idadi hiyo inawezekana? Keki inaingia uwanjani? Na hilo la jina kwenye ubao, nimjibu nini?

Mkongwe wa Mzunguko alijibu:

Dada yangu, hongera kwa kijana. Mimi naingia Uwanja wa Mkapa tangu ulipofunguliwa mwaka 2007, na kabla ya hapo nilikuwa mtu wa Uwanja wa Uhuru, huo wa zamani ulio jirani yake, kwa hiyo haya nikuambiayo nimeyaona.

Jambo la kwanza, ondoa kabisa mawazo ya mechi ya watani wa jadi na mechi kubwa za kimataifa. Uwanja ule unachukua watu wapatao 60,000, na siku ya Simba na Yanga watu huanza kuingia asubuhi kwa ajili ya mechi ya jioni. Mtoto wa miaka 8 atakaa kwenye kiti saa tano kabla mpira haujaanza, na ukifika wakati wa kuanza atakuwa amelala. Isitoshe, msongamano wa getini si mzaha. Mwaka 2023, siku Yanga ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger, mtu mmoja alipoteza maisha katika msukumano na wengine wakajeruhiwa. Sisemi hivyo ili kukutisha, kwani mechi nyingi za ligi huisha salama na watu wakarudi kwao wakiimba. Nasema tu kwamba siku ya kuzaliwa ya mtoto si siku ya kwenda kupima nguvu za mabega.

Ushauri wangu ni Chamazi. Uwanja wa Azam Complex ulioko huko, ambao ni wa klabu ya Azam, unachukua watu kama 10,000, una taa, majukwaa yako karibu na nyasi, na mtoto anaweza kumsikia kipa akiwafokea mabeki wake. Chagua siku ambayo Azam inacheza na timu ya mikoani. Tena hapo utakuwa umetibu ugomvi wa nyumbani, maana rangi zao ni bluu na nyeupe, na hakuna shemeji atakayenuna. Wala usidhani unampeleka mtoto kutazama timu dhaifu: hao walichukua ubingwa wa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo hata mmoja.

Baba Mapacha alijibu:

Mzee hapo juu amemaliza habari ya uwanja. Mimi niongeze habari ya idadi, kwa sababu nililipia somo hilo kwa jasho.

Mapacha wangu walipotimiza miaka 7 nilichukua watoto tisa, nikiwa na mke wangu tu. Tulipoketi, wa kwanza akaomba kwenda haja ndogo. Nikampeleka, nikarudi, wa pili akakumbuka kwamba naye amebanwa. Mtoto wa jirani, ambaye kwao ni mpole kabisa, alishuka ngazi zote hadi kwenye uzio kumwangalia mpiga picha, na kwa dakika mbili ambazo sitazisahau hatukumwona. Bao pekee la mchezo ule lilifungwa nikiwa chooni nimemshikia mtu kaptula. Kwa hiyo, mama, futa hiyo 12. Chukua wanne pamoja na mwenye sherehe, na kila watoto wawili wawe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni hao wawili na si kufuatilia mpira. Wengine waliobaki wapikie pilau siku nyingine, hawatakulaumu.

La pili ni tarehe. Usichapishe kadi za mwaliko zenye siku na saa. Ratiba ya ligi hubadilika, hasa timu zinapokuwa na michezo ya kimataifa au Taifa Stars inapoingia kambini, na mimi mechi yangu ilihamishwa kutoka Jumamosi hadi Jumatano huku kadi zikiwa zimekwisha kugawiwa darasani. Waambie wazazi wenzako kwamba ni "wiki ile", kisha uthibitishe siku mbili tatu kabla.

La tatu, keki. Niliagiza keki nzuri yenye krimu nene ya siagi na picha ya mpira juu yake, nikaiacha kwenye buti la gari tangu saa 9 alasiri. Tulipoifungua, ule mpira ulikuwa umeteleza ukaenda kukaa pembeni kama unaopiga kona. Watoto walicheka, mke wangu hakucheka. Kateni keki nyumbani kabla ya kuondoka au mkirudi. Uwanjani beba vitu visivyoyeyuka na visivyo na chupa, kwa kuwa chupa hukataliwa getini: kashata, bisi, ubuyu, na ndizi kwa wale wenye njaa za ghafla.

Shangazi wa Magomeni alijibu:

Samahani, naona wote mmeshangilia wazo hili bila kuliuliza maswali. Mimi nimelea watoto sita, na huko mzunguko, kwenye viti vya bei ya chini, nimefika mara moja tu. Maneno niliyoyasikia pale mwamuzi alipokataa bao siwezi kuyaandika hapa. Mtoto wa miaka 8 ana kumbukumbu kali. Jambo atakalolirudia Jumatatu darasani huenda lisiwe matokeo ya mchezo.

Mkongwe wa Mzunguko alijibu:

Shangazi, shikamoo. Hoja yako ni ya kweli na sitaibishia, kwani hata jina ninalotumia hapa linanishitaki. Ndiyo maana familia hukaa jukwaa kuu la VIP au jukwaa lililo mbali na kundi la ngoma na matarumbeta. Mara ya mwisho nililipa shilingi 5,000 mzunguko. Jukwaa la juu ya hapo huzidi bei hiyo, lakini kwa watoto wanne naona ni tofauti inayostahili kulipwa. Hata hivyo, usiahidiwe utulivu wa msikitini. Mtu akikosa bao la wazi hakuna jukwaa linalokaa kimya.

Mwana wa Upanga alijibu:

Kwa miaka mitatu nilisoma Chicago, na binti yangu wa kwanza alitimiza miaka 6 tukiwa huko. Tulimpeleka Wrigley Field kuwatazama Cubs, timu ya besiboli ya mji huo. Nitaeleza kidogo, ili Mama wa Tabata ajue ni kipi katika ile video kinaweza kufanyika hapa na kipi hakiwezi.

Besiboli ina desturi inayorahisisha sherehe za watoto. Kila timu hucheza michezo 162 kwa msimu, na nusu yake, yaani 81, huchezwa nyumbani. Kwa wingi huo hakuna mchezo mmoja unaobeba roho ya mji mzima, tiketi hupatikana, na mingi huchezwa mchana. Wrigley, uwanja uliojengwa mwaka 1914, haukuwa na taa za kuchezea usiku hadi tarehe 8 Agosti 1988. Mchezo wenyewe una awamu tisa, na kila awamu ina mapumziko madogo timu zinapobadilishana zamu, kwa hiyo mzazi anaweza kumpeleka mtoto chooni asikose kitu cha maana. Katikati ya awamu ya saba uwanja mzima husimama, hujinyoosha viungo na kuimba pamoja. Binti yangu aliamini kwa dhati kwamba watu wote wale walikuwa wanamwimbia yeye, na hatukumsahihisha.

Kuhusu mpira ulioangukia jukwaani, huko ni halali ya aliyeudaka. Mpigaji akiugonga kwa gongo ukaenda nje ya mistari au ukavuka ukuta, hakuna anayekuja kuudai. Hapa kwetu mpira wa miguu ukiruka jukwaani hurudishwa, na ni vizuri mtoto akajua hilo mapema, asije akaukumbatia na kuzua kesi mbele ya walinzi.

Ama jina kwenye ubao, klabu nyingi za huko huuza huduma hiyo kama sehemu ya biashara ya kila siku. Hapa usimwahidi. Fanya kitu kingine: nunua karatasi ya manila, aandike jina lake mwenyewe na namba 8, kisha aikunje na kuingia nayo bila fimbo wala mti wowote, maana fimbo zitabaki getini. Bango alilolichora kwa mkono wake atalitunza.

Kwa faida ya mtoto, mwambie pia kwamba besiboli yenyewe ipo Dar es Salaam. Si ya kulipwa, ni ya wanafunzi, na uwanja wake uko Shule ya Sekondari Azania hapa Upanga, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Akikuta mazoezi ataona gongo na glovu kwa karibu, na hiyo inaweza kuwa safari ya siku ya pili.

Muuguzi wa Temeke alijibu:

Nina jambo moja tu, masikio. Vuvuzela iliyopimwa mita mbili kutoka mdomoni mwake ilitoa sauti ya zaidi ya desibeli 110, ilhali mtu mzima kazini hashauriwi kukaa katika desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane. Kaa mbali na wapulizaji, na ikiwezekana nunua vile vifuniko vya masikio vya watoto vinavyovaliwa kama spika za kichwani. Mtoto akiziba masikio kwa mikono, usimcheke wala usimwambie avumilie, mhamishe kiti.

Mama wa Tabata aliandika tena:

Nawashukuru sana, na Shangazi pia, kwa sababu hofu yako ndiyo iliyokuwa moyoni mwangu. Tumekubaliana Chamazi, watoto wanne, watu wazima watatu, akiwamo mjomba. Nimebakiwa na mambo mawili. Katika wiki hiyo kuna mchezo wa saa 10 jioni Jumamosi na mwingine wa saa 1 usiku Jumapili; niuchukue upi? Na jezi, je, ninunue za mitaani au za dukani?

Baba Mapacha alijibu:

Jumamosi saa 10, bila kujiuliza. Mchezo wa saa 1 usiku huisha karibu saa 3, na kutoka Chamazi hadi Tabata kupitia Mbagala utafika watoto wakiwa wamelala mabegani, na kesho yake shule. Faida moja ya mchezo wa jioni ambayo watu hawaisemi ni kwamba mchezo unaisha giza linapokaribia kuingia, mtoto akiwa bado macho. Tiketi nunueni mapema, na yule mwenye kuziuza aulizwe waziwazi kuhusu watoto, msiende kubishana getini. Mwisho wa Oktoba ni vuli, kwa hiyo bebeni makoti ya mvua hata kama asubuhi kuna jua kali.

Mkongwe wa Mzunguko alijibu:

Jezi nunua moja tu, ya mwenye sherehe, na iwe ya dukani. Wale wengine wavae fulana yoyote ya bluu au nyeupe. Zile za kutandazwa chini barabarani zina bei nafuu, lakini nyingine zikifuliwa mara mbili namba ya mgongoni inaanza kubanduka, na 8 hubaki 3.

Mama wa Tabata aliandika tena:

Nimerudi na taarifa, kama ustaarabu unavyotaka. Tumekwenda, tumerudi, na watoto wote wanne wako kwao salama.

Keki tulikata saa 5 asubuhi nyumbani, pamoja na watoto wa mtaani ambao hawakuwa kwenye safari. Baada ya hapo tukaondoka saa 7, na foleni ya Mbagala Rangi Tatu ikatula muda kuliko nilivyokadiria, kwa hiyo tuliingia uwanjani wakati timu zinapasha misuli moto. Naona ilikuwa bahati. Mwanangu alisimama kwenye ngazi akimwangalia kipa wa akiba akirushiwa mipira na kocha wake, mmoja baada ya mwingine, kushoto, kulia, kushoto, na hakutaka kuketi. Aliniambia kwa mnong'ono, kana kwamba ni siri, kwamba mpira ukidakwa unatoa sauti. Katika runinga hajawahi kuisikia.

Mchezo ulipoanza akawa na malalamiko. Aliuliza mtangazaji yuko wapi, na kwa nini hakuna anayetaja majina ya wachezaji. Mjomba wake akajitolea kutangaza, akatangaza kipindi chote cha kwanza kwa sauti ya redioni, akampa kila mchezaji asiyemfahamu jina la mchezaji wa Yanga. Watu wa viti vya mbele waligeuka mwanzoni kwa hasira, baadaye wakawa wanageuka kumsahihisha. Wenyeji walipofunga, watoto waliruka, mimi niliruka (sijui kwa nini), kisha mwanangu akatulia akikodolea macho goli, akingoja. Baada ya muda akauliza: "Mama, mbona hawarudii?" Hakuwa ameliona vizuri kwa sababu alikuwa anachambua ubuyu, na alidhani litaonyeshwa tena polepole kama kawaida. Nilipomwambia kwamba uwanjani bao halirudiwi, alinitazama kama mtu aliyedhulumiwa. Kipindi kizima cha pili hakugusa tena ubuyu.

Wakati wa mapumziko tulifungua bango. Alikuwa ameandika jina lake kwa herufi kubwa mno hadi herufi mbili za mwisho zikakosa nafasi, akazipachika chini. Tulianza kumwimbia sisi wenyewe, nikiona haya kidogo. Nyuma yetu kulikuwa na kikundi cha vijana wenye ngoma, ambao nilikuwa nimewakwepa tangu mwanzo kwa ushauri wa Mkongwe. Mmoja wao akasoma bango, akauliza mtoto anatimiza miaka mingapi, na ngoma zikaingia katikati ya wimbo. Upande ule wote ukaimba. Muuza karanga akampa mfuko mmoja na kukataa pesa. Matusi tuliyasikia mara mbili, Shangazi, sitakuficha, na mara zote mbili alikuwa mzee mwenye mvi aliyevaa vizuri kuliko sisi sote.

Usiku alimpigia simu kaka yake wa Marekani. Nilisikiliza nikiwa jikoni. Mwenzake alijisifia mpira wake tena, na wangu akanyamaza kidogo, kisha akamuuliza: "Wewe mjomba wako alikutangazia?" Sasa tatizo ni kwamba mjomba ameitwa pia kwa siku ya kuzaliwa ya mtoto wa jirani, mwezi wa pili, na baba yake mtoto anashikilia kwamba safari hii iwe kwa Mkapa.